UZI: Vibao na viti vya mbao vilivyochorwa vinavyokaa nje, tuongee ukweli kuhusu vanishi

Mleta uzi:

Wakuu habari za wakati huu. Hii mada iko moyoni mwangu muda mrefu, leo naomba tuiongelee kwa kirefu maana kazi nzuri nyingi zinakufa bure hapa mjini. Naongelea vitu vya mbao vilivyochorwa au kupambwa rangi alafu vinakaa nje, vibao vya saluni na migahawa, stuli na mabenchi ya gadini, masanduku ya maua, mageti, hadi ngalawa. Mtu analipia mchoro wa maana, ndege, maua, jina la biashara limeandikwa kwa mkono herufi kwa herufi, masika moja ikipita tu anampigia fundi simu anamwambia rangi yako feki.

Mi kazi yangu ndo hiyo, nachora vibao na samani za nje kwa watu wa Mikocheni, Mbezi Beach, Kigamboni mpaka Bunju, na msimamo wangu ni kwamba mara nyingi rangi inasingiziwa. Kinachoua mchoro ni maji yanayoingia kwenye mbao kupitia sehemu ambazo hakuna aliyezipaka kitu, yaani nyuma, chini, kwenye matundu ya skrubu na zaidi ya zote kwenye vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokatia. Mti ukiwa hai unapandisha maji kwa vijia vinavyokwenda urefu wake, ukiukata kichwa vile vijia vinabaki wazi, ndo maana kichwa kinakunywa maji haraka mara nyingi kuliko uso wa ubao. Sasa ubao ukishakunywa unavimba, unavimba kwa upana na unene, urefu hauongezeki kitu cha maana, jua likitoka unasinyaa. Rangi ya mafuta ikishakomaa ni ngumu haifuati hiyo nenda rudi, inapasuka nyufa nyembamba sana zinazofuata nyuzi za mbao, na hizo nyufa nazo zinakuwa milango mipya ya maji. Hapo hata ungepaka vanishi mikono mitano, yaani kurudia mara tano, kwa mbele haisaidii kitu, mbele siyo ulikoanzia ugonjwa.

Kuna kipimo rahisi kabisa cha kujua nini kimetokea. Ukiona malengelenge kwenye mchoro chukua ncha ya wembe utoboe moja taratibu, alafu angalia chini yake. Ukikuta mbao tupu, na pengine ubichi ubichi, basi maji yametokea ndani yakasukuma rangi kutoka nyuma. Ukikuta rangi nyingine au prima, ile rangi ya msingi inayotangulia, bado imeshika vizuri basi shida ni kati ya rangi na rangi, ama ilipakwa juani kali ikakauka juu kabla ya chini, ama mkono wa pili uliwahishwa. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti, lakini watu wote wanaambiwa ongeza vanishi.

Upande wa pili ni jua. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa 3 na tena mwezi wa 10, kwa hiyo kitu kilicholala kama uso wa meza au kiti kinapigwa kuliko kibao kilichosimama. Mionzi ya UV inakula gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao, ndo maana ubao mtupu ukiachwa nje unageuka kijivu. Na hapa seremala wengi hawajui hili jambo, ubao ukishakaa juani mtupu hata wiki chache tu kabla ya kupakwa, ule uso wa juu umeshalegea, rangi inashika kitu ambacho chenyewe hakijashika. Lazima upige msasa upate mbao mpya alafu prima ifuate haraka, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo utaratibu wangu, mbao ikauke kwanza kweli kweli, unyevu wake usizidi kama asilimia 15 hivi. Kama huna kifaa cha kupimia beba kibao kapime uzito kwenye mzani wa dukani, rudi tena baada ya siku kadhaa, uzito ukiacha kushuka ndo imekauka. Nazungushia kingo zote kwa msasa zisiwe kali, maana rangi kwenye kona kali inakuwa nyembamba na hapo ndo inapoanza kumenyeka. Vichwa vya mbao navinywesha prima iliyozimuliwa mpaka vikatae, alafu narudia tena nzito. Nyuma napaka idadi ile ile ya mikono kama mbele. Matundu ya skrubu natoboa KABLA ya kupaka ili rangi iingie ndani ya tundu. Baada ya hapo ndo andakoti, yaani rangi ya katikati, alafu mchoro, na mwisho kabisa klia, vanishi ya juu inayoonyesha mchoro. Mchoro ni mapambo, kinga ni hayo yote yaliyo chini na nyuma yake.

Karibuni mchangie.

Mama Maua:

Fundi asante sana kwa uzi huu, Mungu akubariki. Mimi nina masanduku ya maua nimechorewa vipepeo, ni mbao za paini, kwa nje bado yanapendeza ila chini yameanza kutoka madoadoa meusi na rangi inabanduka kama ngozi. Yamewekwa juu ya sakafu ya baraza. Niyapake tena au yamekwisha?

Mleta uzi:

Mama yangu hayajaisha. Sanduku la maua ndo kitu kigumu kuliko vyote maana unamwagilia maji kwa ndani kila siku, kwa hiyo mchoro ulio nje unasukumwa na maji ya ndani. Toa udongo, acha sanduku likauke kivulini penye upepo mpaka mbao iwe nyepesi, usiharakishe kwa kuliweka juani litapinda. Madoa meusi ni ukungu, chukua jiki sehemu moja maji sehemu tatu au nne, sugua kwa brashi laini kwenye hayo madoa tu, acha dakika kama 10 alafu suuza vizuri, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, inatoa hewa ya sumu. Vaa glavu.

Likishakauka kwangua kila kinachotoka chenyewe, pale rangi iliposhika iache, piga msasa mpakani ule mwinuko upotee, kisha prima kwenye mbao tupu. Ndani usitegemee rangi, weka ndoo au chombo cha plastiki chenye tundu ndo kikae na udongo. Chini pigilia vipande vya mpira sanduku liinuke sentimita mbili tatu hewa ipite, hivyo tu unaongeza maisha ya mchoro kuliko kopo zima la vanishi. Vipepeo wako watapona.

Alafu kwa vile ni paini angalia yale macho ya mbao, yanatoa utomvu, jua likipiga unapenya kwenye rangi unaacha duara la njano. Yazibe na sheliki, ile vanishi ya kuzibia utomvu, kabla ya prima.

Spreiboi Gerezani:

Mkuu umeongea vizuri ila kwenye klia nakupinga. Mimi ni fundi rangi wa magari, nimepuliza ile klia ya gari yenye hadina, dawa ya kuikaza inayochanganywa nayo, juu ya vibao vya watu, ni ngumu, inang'aa, haichuji, gari linakaa juani miaka. Kwa nini mtu ahangaike na vanishi ya brashi?

Mleta uzi:

Kaka hapo tuelewane vizuri maana hoja yako ina ukweli ndani yake. Klia ya gari kwa kuzuia jua iko vizuri sana. Lakini bati la gari haliongezeki upana kila mvua ikinyesha, ubao mpana wa mninga au mkaratusi unaongezeka, na kwenye maungio ya mbao mbili kila moja inavuta kwake. Klia ngumu inapasuka pale pale kwenye ungio, maji yanaingia chini yake, unaona inaanza kuwa nyeupe kama ukungu umekaa ndani ya kioo. Vanishi ya nje, ile inayotengenezwa kwa ajili ya boti, ni laini kidogo kwa makusudi ili ifuate mbao. Ila kama kibao ni marine bodi, ile plaiwudi ya gundi isiyoogopa maji, hapo klia yako naikubali kabisa maana plaiwudi imepishanishwa nyuzi haisogei sana, mradi kingo umezinywesha prima.

Na nikuombe kitu kimoja kaka yangu, hadina ya hiyo klia ina aisosayaneti, ukivuta mvuke wake kila siku inaweza kukuletea pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii hata kidogo, tafuta ile yenye vichujio vya kemikali na ufanyie kazi penye hewa.

Spreiboi Gerezani:

Nimekupata mkuu. Kuna kibao kimoja cha mbao nne zimeunganishwa kilirudi kimepasuka kwenye mistari ya maungio kama ulivyosema, vile vingine vya plaiwudi viko sawa mpaka leo. Nilijua labda hadina ilikuwa ya zamani.

Seremala Keko:

Naunga mkono hoja. Niongezee upande wetu. Wateja wanaleta kiti cha nje wanataka kipulizwe ile klia ya kabati kwa sababu inakauka haraka na bei iko chini. Ile ni ya ndani jamani, nje inakuwa njano inapasuka vipande. Tena ukiipuliza juu ya mchoro wa rangi ya mafuta, thina yake inachemsha ule mchoro, rangi inakunjamana hapo hapo unaangalia. Na mbao zenye mafuta kama msaji na mvule zipanguse na thina kwa kitambaa safi kabla tu ya prima, la sivyo rangi haishiki. Mninga na mkongo ukipaka rangi ya maji nyeupe moja kwa moja rangi ya mbao inapanda juu inatia doa la kahawia, weka prima ya mafuta kwanza. MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, kwa kitu cha nje usiiguse kabisa, kingo zinavimba mvua ya kwanza tu.

Mleta uzi:

Seremala umemaliza. Na la thina ni kubwa kweli, watu wanapoteza michoro kwa dakika moja. Rangi ya mafuta inakauka juu kwa saa kadhaa lakini ndani inaendelea kukomaa wiki nyingi, na kwa unyevu wetu wa Dar inachelewa zaidi. Mi sipaki klia juu ya mchoro wa rangi ya mafuta kabla ya wiki, na ikiwa ni kipindi cha vuli nasubiri zaidi. Kabla ya kuanza najaribu kwenye kona isiyoonekana, nikiona rangi inalainika naacha.

Kibada Yetu:

Mkuu sisi tuko huku upande wa bahari, kibao cha mgahawa kinaangalia maji moja kwa moja. Nyekundu imekuwa pinki, njano imepotea, ila bluu na nyeusi ziko pale pale kama zimepakwa jana. Kopo zote zilinunuliwa duka moja na za kampuni moja. Hili nalo ni maji ya nyuma?

Mleta uzi:

Hapana hilo ni jua, na jibu liko kwenye unga wa rangi wenyewe. Kila rangi ina unga wake na kila unga una uwezo wake wa kuvumilia mwanga, kampuni haihusiki sana. Nyeusi ni kaboni, haiendi popote. Nyeupe ya titani nayo haipotezi weupe, ingawa ile gundi inayoishikilia ikichoka inatoa unga mkononi. Bluu na kijani nyingi za siku hizi ni ftalo, zinavumilia sana. Zile za udongo, yaani nyekundu ya tofali, njano ya udongo na kahawia ambazo ni oksidi za chuma, hizo jua halizifanyi lolote. Wanaokufa mapema ni nyekundu kali na njano kali za bei ya chini, na zaidi ya wote pinki na zile rangi za kuwaka, na zikichanganywa na nyeupe nyingi zinakufa haraka zaidi. Klia yenye kizuizi cha UV inapunguza kasi, lakini mwanga wa kawaida nao unafifisha, kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba klia itaokoa pinki.

Mi nikipata kibao cha kukaa juani kutwa nampangia mteja rangi kutokana na hilo, herufi muhimu kama jina na namba ya simu naziweka nyeusi au bluu, nyekundu ya udongo naiweka pana, ile nyekundu kali inakuwa nakshi ndogo ambayo nikirudi kuipaka upya haichukui muda. Mteja anakubali ukimweleza mapema.

Kwa chumvi ya bahari, osha kibao kwa maji baridi ya bomba na sabuni kidogo kwa kitambaa laini, kila baada ya wiki chache hasa kipindi cha upepo mkali. Chumvi ikikaa juu inavuta unyevu wa hewa uso unabaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Na usipake mkono mpya wa chochote kabla hujaosha hiyo chumvi, haitashika. Skrubu weka za chuma kisichoshika kutu, zile za kawaida zinalia machozi ya kutu juu ya mchoro wako.

Nahodha Mstaafu:

Vijana hamjambo. Sisi wa vyombo haya mambo ni ya zamani. Jahazi na ngalawa chini zinapakwa deheni, mafuta ya mnyama na chokaa, juu mbao inapakwa sifa, mafuta ya samaki, ili jua lisipasue. Chombo kinapandishwa pwani kinaachwa kikauke, kinakwanguliwa, kinapakwa tena, ndo kazi isiyoisha. Michoro ya omoni, yaani mbele ya chombo, na jina la chombo tunapaka rangi ya mafuta. Swali langu, mjukuu wangu amenunua ngalawa ya zamani anataka kuipaka nakshi za rangi awapeleke wageni kisiwani, rangi inateleza haishiki. Tufanyeje?

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umeingia, maana nyinyi ndo mmetunza mbao kwenye mazingira magumu kuliko sisi wote. Rangi inateleza kwa sababu ya hiyo hiyo sifa, mbao imekunywa mafuta miaka na miaka. Pale penye nakshi tu, yaani ubavu wa juu na omo, kwangueni kwa randa au msasa mkali mpaka mbao yenye rangi yake ya asili itokee, pangusa na thina mara kadhaa kwa kubadilisha kitambaa kila mara, acha siku chache jua lichuruzishe mafuta yaliyobaki ndani, pangusa tena, alafu piga msasa kidogo na uweke prima ya mafuta. Jaribuni sehemu ndogo kwanza, prima ikikauka kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu uikandamize, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi bado mafuta yamo, msiendelee. Ndani ya chombo endeleeni na sifa kama kawaida ila isivuke mpaka wa nakshi.

Na wale wanaopenda mafuta ya linsidi kwenye samani mjue mambo mawili. Kwa Dar ukungu mweusi unayapenda sana. Pili, kitambaa chenye linsidi ukikikunja ukakitupa kwenye kona kinajipasha joto chenyewe mpaka kinawaka moto, kitandaze wazi nje kikauke au kiloweke kwenye maji.

Mwanafunzi wa Sanaa:

Habari fundi. Nina picha ya Tingatinga ya marehemu babu, chui na ndege, imechorwa kwenye hadibodi, mama ameitundika ukuta wa veranda. Naogopa kuipaka vanishi. Nishauri tafadhali.

Mleta uzi:

Mdogo wangu umefanya vizuri kuogopa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza hapa Dar mwaka 1968 alichora kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, na waliomfuata baada ya kufariki 1972 waliendelea hivyo hivyo. Rangi ile ina nguvu na mng'ao wake mwenyewe, lakini hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ikipata unyevu kwa nyuma au kwenye pembe inavimba hairudi. Kwa picha ya familia mi sikushauri upake chochote mbele, vanishi ikishageuka njano kuitoa bila kugusa mchoro ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi sanaa. Iingize ndani, ukuta usiopigwa na jua na usio na unyevu wa bafu, weka vipande vidogo vya koki nyuma kwenye pembe hewa ipite kati yake na ukuta. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Veranda muwekee mama picha mpya iliyochorwa kwenye marine bodi kwa ajili ya nje.

Kibada Yetu:

Mkuu nirudi kidogo, vanishi ipakwe upya lini? Na saa ngapi? Maana huku jioni mbao inaloa hata bila mvua.

Mleta uzi:

Swali zuri sana. Ukisubiri ipasuke umechelewa, hapo inabidi kukwangua na utakwangua na mchoro. Kila mwaka imwagie maji kidogo, yakisimama matone matone klia bado iko hai, yakitandaa yakaacha uso umefifia muda umefika. Osha, kausha, piga msasa namba 320 kwa maji taratibu mpaka mng'ao uondoke, usifike kwenye rangi, alafu mkono mmoja au miwili myembamba. Kibao kilichosimama kinaweza kupita mwaka, uso wa meza juani usiuache uzidi mwaka.

Kipindi kizuri ni Juni mpaka Septemba, hakuna joto kali na mvua ni chache, au Januari na Februari kabla masika haijaingia ila kivulini maana jua la kaskazi linakausha klia juu chini bado mbichi. Saa anza kama saa tatu nne asubuhi umande ukishatoka, maliza mapema mchana ipate muda wa kushika kabla ya unyevu wa jioni. Ukipaka saa kumi na moja jioni asubuhi unakuta uso umekuwa mweupe hauna mng'ao.

Kama unakwangua rangi ya zamani sana, hasa njano, machungwa na nyekundu, usipige msasa mkavu na watoto wako karibu, nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Loweka, piga msasa wa maji, kusanya ule uchafu kwenye gazeti utupe, osha mikono kabla ya kula.

Mama Maua:

Fundi nimetoa udongo kwenye sanduku moja, chini kabisa mbao ni laini, kucha inaingia.

Mleta uzi:

Mama hapo palipooza kucha ikiingia usipake juu yake. Mwambie seremala akate kile kipande cha chini mpaka afike mbao ngumu aweke ubao mwingine, ubavu wenye vipepeo aubakize kama ulivyo. Kabla hajaufunga ule ubao mpya aupake prima pande zote sita, vichwa mara mbili, ukishafungwa hutavifikia tena. Na ukituma picha humu piga ya chini na ya ndani, ndo nitakazoangalia kwanza.